Kichwa Ndani ya Kabati

Fundi mtandao wa chuo cha uuguzi pale Kasulu, Generosa mpika chai alimjua zaidi kwa mgongo, maana kichwa kilishinda ndani ya kabati la swichi, visanduku vinavyogawa mtandao madarasani. Kabla ya kugusa waya hulaza kiganja juu ya swichi kama mama apimaye homa ya mtoto, akaisalimu Kiha, "Mwakeye," ndipo huvua saa na kuitia mfukoni. Siku mbili Generosa alimuuliza, "Fundi, chai?" Kimya. Akauliza tena, kimya, kikombe kikaenda kwa mwingine. Siku ya tatu hakujisumbua.

Siku hiyo chuo kizima roho juu. Madarasa matatu yalitazama pamoja somo la kuzalisha kwenye runinga, na kila likianzishwa upya, dakika ya nne, kichwa cha mtoto kikianza tu kuchungulia, picha inakatika. Mtihani ni kesho.

"Swichi haina kosa," sauti ilitoka kabatini. "Inampelekea picha aliyesema anaitaka tu. Ila lazima awepo wa kuuliza kila mara, 'Bado mnataka?' na madarasa yajibu. Humu hakuna anayeuliza, basi inadhani wote wameondoka."

Akabofyabofya kompyuta yake, akaipa swichi kubwa kazi ya kuuliza. Dakika ya nne ikapita, ya tano. Vigelegele madarasa yote, mtoto kazaliwa! Generosa akapita na chupa ya chai, akimimina kulia na kushoto.

Kichwa kikachomoka kabatini, kimejaa utando wa buibui.

"Mama, mbona mimi sijaulizwa?"