Wezi wa Omena Wakiruka

Mama yangu alikuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, ufukweni Usenge, na kila jioni alipigana na ndege. Korongo wakubwa wenye vipara walisimama kando ya nyavu zake, wakijifanya hawana haja na kitu. Akigeuka tu, midomo imejaa. Kwa hiyo siku aliponikuta nimelala kifudifudi mchangani na kamera, nikiwapiga picha wezi wake, alisimama akashika kiuno.

"Nyara," akasema kwa Kijaluo, yaani binti yangu, "mimi nawafukuza, na wewe unawapiga picha kama maharusi?"

"Ukiwafukuza ndipo wanaruka vizuri, Mama. Wafukuze tena."

Akanirushia ufagio. Ndege wakaruka wote pamoja, nami nikabonyeza.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Siku za kazi nilipiga picha katika studio moja Kondele. Ukutani palichorwa ndege ya abiria yenye ngazi, na wateja walipenda kusimama hapo, mkono mmoja kwenye ngazi, kana kwamba wanaondoka kwenda Ulaya. Likizo zangu zote niliishia Usenge. Filamu za kwanza ziliharibika: mabawa yalitoka kama moshi, au jua likameza kila kitu. Mwenye studio alicheka kila nilipozisafisha. Nikaendelea. Nilijifunza kugeuka pamoja na ndege, kiuno na mabega, na kusubiri mpaka apite mbele ya jua.

Hatimaye nikampata mmoja. Mabawa wazi kabisa, miguu imenyooka nyuma, jua limekaa chini ya tumbo lake, ziwa lote jekundu. Nikaibandika picha hiyo kwenye kioo cha dirisha la studio, katikati ya maharusi na watoto wa ubatizo.

Mwenye studio alipofika asubuhi, hakuvua hata kofia.

"Toa hiyo. Watu watasema tunapiga picha ndege wa jalalani."

"Ni picha nzuri kuliko zote hapo, Mzee."

"Kama ni ndege, tunayo ukutani."

"Ile hairuki."

Mteja aliyekuwa akichana nywele mbele ya kioo cha kujitazamia aliangua kicheko. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichomkasirisha mzee. Akaniambia nichague: picha au kazi. Nikaibandua picha polepole, isichanike, nikachukua kamera yangu, nikatoka. Nilitembea hadi stendi bila kugeuka.

Habari zilimfikia mjomba wangu, aliyekuwa amenitafutia kazi ile. Akaja Usenge amevaa koti lake la kanisani.

"Dada," akamwambia mama, "mwambie mtoto wako akaombe msamaha. Mwanamke mzima anagaagaa mchangani kwa sababu ya ndege! Nani atamuoa?"

Mama alikuwa akichagua omena. Akapangusa mikono kwenye leso, akaomba aione hiyo picha. Aliitazama muda mrefu, akaigeuza kwenye mwanga.

"Huyu namjua," akasema. "Mwizi huyu. Sikujua ana mabawa namna hii." Kisha akamgeukia ndugu yake. "Sasa akaombe msamaha wa kosa gani?"

Mjomba aliondoka bila kumaliza chai.

Sikurudi Kondele. Nilianza kutembea na kamera yangu, nikipiga picha za harusi na matanga kutoka Bondo hadi ziwani. Jioni zilibaki zangu. Hata miaka ile magugumaji yalipoziba ghuba na mitumbwi ikashindwa kutoka, ndege hawakuacha kupita, nami sikuacha kwenda. Hakuna aliyewahi kuniagiza picha ya korongo, na sikungoja kuagizwa.

Jioni moja mama mmoja mwenye karai la samaki kichwani alisimama mbele yangu, akaniuliza, kwa huruma kabisa, ndege wale wananisaidia nini.

"Sogea kidogo, mama," nikamwambia. "Unaniziba jua."