Siku Niliyokagua Choo cha Mwanafunzi Wangu

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, basi. Yaliyobaki niliyapata nikishika ufagio kwenye zahanati, nikimtazama muuguzi mmoja mkali akisafisha vidonda. Alinitukana kila siku. Nikikosea kuchemsha vifaa, aliniita gogo mbele ya wagonjwa. Nilikasirika, nikajifunza. Nilipokuja kupewa kazi ya kufundisha wahudumu wa afya wa vijijini, nikawafundisha hivyohivyo. Niliamini kumjali mwanafunzi ni kumsema mpaka aone haya, na akiona haya atakaza mwendo. Wenye vyeti walifundisha kwa makaratasi. Wa kwangu ndio walijua kazi. Kwa hilo sirudi nyuma. Walijua.

Sheria yangu ilikuwa moja: kabla hujaenda kumwambia jirani achimbe choo, darasa zima linakuja kukagua kwako.

Siku ya kijiji cha Nyansurura tulikwenda kwa mama mmoja kijana, mwenye ndoa changa. Huyo alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote. Mumewe yuko Kewanja kwenye mashimo ya dhahabu. Yeye analima, anakamua, halafu anatembea kuja darasani na mtoto mgongoni. Aliwahi kuniambia, "Mwalimu, nikipata hii kazi, na mimi nitakuwa mtu pale nyumbani."

Tulikuta choo kizuri, kimefagiliwa, kina mlango wa bati. Baba mkwe wake amekaa karibu anasokota kamba ya ng'ombe. Tukamwamkia. Nikamuuliza binti kwa sauti yangu ya darasani, "Hiki unakitumia?"

Akatazama chini.

"Nimekuuliza. Unakitumia au unakiangalia tu?"

Mwenzake mmoja, mwanamke mwenye mdomo, akadakia, "Mwalimu, cha kwake si ule mtama pale!"

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Halafu nikamwambia anayejisaidia kwenye mtama hawezi kufundisha watu choo, asije darasani mpaka abadilike. Mzee akaiacha kamba yake, akaingia zizini, akatupa mgongo.

Sasa nisijifanye mgeni. Mimi ni Mkurya. Najua mke wa mwana haingii choo cha baba mkwe wake, hata umchape. Kwangu mwenyewe kuna vyoo viwili. Cha pili nilimchimbia mke wa mwanangu kabla hajaletwa. Yote hayo niliyajua nikiwa nimesimama pale. Lakini semina ya usafi niliyohudhuria ilisema kila mtu wa kaya atumie choo, na mbele ya wanafunzi sikutaka kuonekana mzee wa mila.

Wiki haikuisha, jirani akaniletea daftari la binti na fulana yake ya wahudumu. Nikangoja arudi mwenyewe. Wengine wote nilipowasema walirudi. Huyu hakurudi, nikaenda.

Mama mkwe wake ndiye aliyenipokea.

"Umekuja kukagua tena, mwalimu? Twende, kuna kingine hukukiona."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na shimo linalonifika kifuani, limechimbwa kwa jembe la mkono, vidato vya kushukia vimekatwa pembeni.

"Alikuwa anachimba akitoka shamba," akasema mama. "Mume kila siku anakuja, anakuja, haji. Alitaka mafunzo yaishe awe na chake. Sasa wewe unamuuliza mambo ya chooni mbele ya mkwewe. Ulitaka ajibu nini?"

Binti akatokea na karai la samadi kichwani. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia. Nikamwambia shimo nitalimalizia mimi, mashimo nimechimba mengi, na Jumatatu arudi darasani.

"Baba mkwe hajala chakula changu tangu siku ile," akasema. "Na nikipita njiani, watu wanautazama mtama."

Akamwaga samadi ndani ya shimo. "Hapa napanda mgomba."

"Nimekukosea," nikasema. Neno hilo sikuwahi kumwambia mwanafunzi.

"Ndiyo, mwalimu." Akaenda kuleta karai lingine.

Kijiji chake akapewa yule mwenye mdomo. Anafanya kazi vizuri. Nilimfundisha mwenyewe.