Bunduki ya Babu na Mizani ya Mama

Enzi zetu pale Al Khuwair, mtaa wa Maskati, miaka ya tisini, nyumba za Wazanzibari zilikuwa na dawa moja ya kila kitu: mafuta ya nazi. Nywele, magoti, bawaba za mlango. Bibi, mama yake Baba, akayapaka hata kwenye bunduki. Kila Ijumaa aliiteremsha ukutani ile bunduki kongwe ya kijeshi aliyoiacha Babu, akazisugua mbao zake mpaka zikang'ara. Sisi watoto tulidhani bunduki zote duniani zinanukia wali wa nazi.

Eid tukienda kijiji cha Ansab kwa Ami Khalfan, binamu yake Baba, ambaye upande wake wa ukoo haukupata kuondoka Oman kwenda Zanzibar kama wetu. Wanaume walishindana bondeni kulenga vijiwe vyeupe. Baba, karani wa wizara, akilenga, risasi inakwenda kushoto. Kila mwaka kushoto.

"Huyu Mzinjibari mpeni sinia la halwa agawe," Ami akisema, watu wakicheka. Baba naye akicheka, halafu halwa yenyewe haigusi.

Mwaka mmoja Ami akasema, safari hii bila kucheka, kwamba bunduki ya mzee inataka mtu anayejua kulenga. Baba akajibu mbele ya ukoo mzima, "Eid Kubwa ya mwakani nikikosa, ichukue."

Mama alipopata habari alisema, "Makubwa haya," akaendelea kukaanga.

Baba aliifungua bunduki sebuleni juu ya gazeti. Mbao zilikuwa zimekunywa mafuta miaka na miaka, zimevimba upande mmoja, zinausukuma mtutu. Akamtazama Bibi.

"Na magoti yako nliyapaka," Bibi akasema. "Mbona hayaendi kushoto?"

Baba akakwangua mbao, akapaka gundi ya kutengenezea boti aliyoinunua sokoni Ruwi, ili chuma kikae imara, kisicheze. Gundi ikakataa kushika kwa ajili ya mafuta. Akazianika mbao juani wiki nzima, akarudia. Ikakataa. Mara ya tatu ikashika, na Bibi akapigwa marufuku kukaribia ukuta ule. Alinuna mpaka Ramadhani.

Zikabaki risasi. Baba alikuwa akijaza upya maganda ya zamani, baruti anaikisia kwa kijiko, hii nyingi, ile kidogo. Mama alimtazama siku mbili. Ya tatu akaweka mwiko chini.

"Baba Salma, mimi hata chumvi ya biriani sikisii hivyo."

Akaitoa mizani ya sonara aliyoachiwa na babake. Tangu hapo kila risasi aliipima yeye, miwani puani, chembe kwa chembe, akitukataza hata kupiga chafya. Baruti iliyozidi kidogo aliimwaga akaanza tena. Mimi Salma, mwenye miaka kumi, nilikaa mkabala naye nikijizuia kupumua.

Eid Kubwa, vijiwe vitano, risasi tano. Cha kwanza kiliruka. Cha pili, cha tatu, cha nne. Nilitamani kwenda haja. Cha tano kikapasuka vipande viwili.

Ami Khalfan akaja akamkumbatia Baba, akamwita ndugu yangu, jina ambalo hakuwahi kumwita. Baba akapaza sauti ili wote wasikie: "Risasi kapima mke wangu." Wanaume wakatazama viatu vyao. Upande wa wanawake, Mama alijifanya hakusikia, akamwaga kahawa.

Vijana wa siku hizi hulenga kwa kidole gumba, kwenye simu, wakikosa wanaanza upya, hakuna ukoo unaowatazama. Wazee wetu hawapo tena. Bunduki iko kwa kaka yangu, ndani ya kabati la kioo lenye taa. Eid iliyopita wanawe walikuwa wakijipiga picha nayo, nikawaambia kwamba risasi alizopiga babu yao siku ile alizipima mama yangu, bibi yao.

"Wacha, shangazi," mkubwa wao akasema kwa adabu kabisa. "Sisi tumeambiwa Babu alikuwa na jicho la kulenga."

Nlikasirika, na hasira nnayo mpaka leo. Baba alilisema neno lile mbele ya ukoo mzima, na katika ukoo mzima nimelishika peke yangu.