Siku Mvua Ilipomfunika Sekela

Nakumbuka alasiri moja ya Desemba, mwanangu, miaka ile ya hamsini, Uhuru bado tunausikia kwa mbali. Nilikuwa msichana wa Kihesa mwenye miguu myembamba na mdomo mwingi, nikisomea ualimu katika chuo cha wasichana huku huku Iringa. Kila mwisho wa mwaka chuo kilifanya konsati na wazazi walialikwa. Usicheke nikiiita konsati. Vipaza sauti hatukuwa navyo. Tulikuwa na ukumbi wa matofali, paa la bati na makoo yetu.

Mwimbaji wetu alikuwa Sekela, Mnyakyusa wa Rungwe, rafiki yangu wa kitanda cha jirani. Mimi niliimba sauti ya pili, na nilivuma kama debe. Sauti ya Sekela ilikuwa ndogo, ndogo hasa, lakini akiimba hata wapishi waliacha masufuria wakaja kusimama mlangoni. Mwanzoni nilimwonea wivu, kisha nikachoka, nikabaki kumpenda.

Mwaka ule baba yake alikuja na lori la mizigo kutoka Tukuyu, na hakuja kwa ajili ya nyimbo. Alikuwa ameamua kwamba binti amesoma vya kutosha, akizidisha wachumba watamkimbia. Konsati ikiisha, lori lingerudi nao wote wawili, na chuo ndiyo basi tena. Nilimwamkia asubuhi.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Sekela amefunga mizigo?”

Nikaenda bwenini. Sekela naye alikuwa ananyoosha sare yake kwa pasi ya mkaa. “Nitaimba vizuri,” aliniambia. “Angalau ajue anakatisha nini.”

Basi zamu yetu ikafika. Sekela akaanza peke yake ubeti wa wimbo wa mavuno, sisi tukisubiri kuitikia. Hajafika hata katikati, mvua ikashuka. Wewe umezaliwa kwenye nyumba zenye dari, huijui mvua ya huku kwetu juu ya bati tupu. Niliona midomo ya Sekela inacheza, sauti siisikii, na nilikuwa nimesimama nyuma yake tu! Tukaona tumsaidie, tukaanza kupayuka. Mimi ndiye niliyepayuka kuliko wote, mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Wageni wakaanza kutazamana.

Sekela akageuka, akatuinulia kiganja. Tukanyamaza. Kisha akawaelekea wageni, akakunja mikono mbele, akasimama. Hakulia, hakuomba radhi, hakukimbilia nyuma ya pazia. Alisimama tu akingoja, kana kwamba hata mvua ilikuwa imepangiwa zamu yake. Mwalimu wetu wa nyimbo, mtu mkali ajabu, alimtazama kidogo, naye akashusha fimbo yake ya kuongozea wimbo. Nimeona wakubwa wengi wakisimama mbele za watu tangu siku ile, na sijamwona aliyesimama vile.

Ndipo honi ya lori ikalia nje. Dereva alikuwa na haki yake, maana barabara ikishalowa hakuna gari linalopita kwenye lile tope. Ikalia tena, ndefu. Baba Sekela akainuka, akavaa kofia, akatoka. Nilijua anakwenda kumwambia dereva awashe gari, halafu arudi kumchukua mtoto wake wimbo haujaisha. Sekela hakusogea.

Kupitia mlangoni tulimwona mzee amesimama kwenye mvua, akisema na dereva, mkono ukionyesha barabara ya Mbeya. Lori likanguruma, likageuza, likaondoka bila mtu wa kwetu ndani yake. Mzee akarudi amelowa chapa chapa, akapita viti vyote, akakaa benchi la mbele kabisa. Akavua kofia, akangoja na sisi.

Mvua ikakatika. Mzee akamwambia Sekela, “Lori limeshaondoka. Anza mwanzo, mama.”

Akaanza mwanzo. Sikuitikia vizuri siku ile, nilikuwa nalia. Kesho yake mzee aliondoka peke yake, na Sekela akawa mwalimu, akafundisha mpaka mvi.

Sasa nisikilize, mwanangu. Itakuja siku utakuwa unasema jambo lako la kweli, halafu kelele kubwa kuliko wewe zikufunike. Usipayuke kama mimi, utakauka koo na hakuna atakayejua ulisema nini. Wala usikimbie. Nyamaza bila aibu, simama hapo hapo, na zikipita uanze upya kwa sauti yako ile ile uliyopewa. Na siku wewe ndiye utakayekuwa umeketi ukisikiliza, na una haraka zako, mwache mtoto amalize kwanza.

Mungu akulindie sauti yako, mwanangu, na asikunyime mtu wa kukukalia benchi la mbele.