Majivu Niliyoyafukia

Kazi ya majivu haina mwenyewe. Pale Rujewa, kwenye mashine ya mpunga, watu waliusifu mtambo wetu mdogo wa umeme: unachoma pumba, mashine zinazunguka, taa zinawaka. Yaliyobaki chini ya tanuri yalikuwa yangu. Nimeyazoa miaka sita, na hadi leo nikikohoa asubuhi mke wangu huniambia nimeleta kazi nyumbani.

Utaratibu niliujua vizuri. Majivu yakitoka unayamwagia maji, unayageuza kwa reki, unamwagia tena, ndipo yanakwenda bandani kuwasubiri wafyatua matofali wanaoyachanganya na udongo. Siku moja pampu iligoma. Maji yalikuwa kule mferejini, na mgongo wangu ulikuwa umeshasema basi. Nikachimba shimo nyuma ya mashine, nikamwaga majivu yote humo, nikafukia, nikapigapiga udongo kwa koleo. Nikaenda zangu kulala.

Mjinga mimi. Mama yangu, kule milimani, kila jioni alifukia makaa ndani ya majivu, na alfajiri akafukua, akapuliza, moto huo hapo. Ndivyo tulivyokua, kiberiti kilinunuliwa kwa nadra. Nilijua tangu utotoni kwamba moto ukifukiwa haufi, unatunzwa. Lakini kazini, kwa uchovu, nilidhani nimeuzika.

Siku ya tatu ng'ombe wa jirani yangu, Msukuma aliyehamia huku kwetu Usangu na familia yake, walikatiza pale. Udongo ukadidimia. Maksai wake mmoja, kati ya wawili aliowategemea kulima, akazama mguu wa mbele hadi gotini, kwenye majivu yaliyokuwa bado na moto. Mlio ule sitaki kuueleza.

Mvua zilikuwa zimeshaanza, na shamba lake lilikuwa halijaguswa. Kila jioni nilikwenda kumsaidia kuosha kidonda. Hakuniuliza kitu, na hilo lilinichosha kuliko koleo. Jioni ya nne nikasema mwenyewe: ni mimi, nilifukia bila kumwagia maji. Akajibu kwamba alijua tangu siku ile, kwani nani mwingine hushika majivu yale? Kisha akaniomba nimshikie mguu vizuri, maksai asirushe teke. Niliona aibu hadi nikashindwa kumtazama usoni.

Kwato ikang'oka. Hapakuwa na la kufanya, wakamchinja.

Mkewe akaja kwangu na fungu la nyama kwenye beseni. Nikamwambia, mama, hii siwezi kuipokea, wewe unajua kwa nini. Akaliweka beseni mlangoni, akajifunga khanga upya.

"Tumewagawia majirani wote," akasema. "Kwani wewe umehama?"

Nikaipokea. Kesho yake, nikienda kazini, niliwaona shambani, familia nzima imeinama na majembe ya mkono. Maksai aliyebaki alikuwa pembeni anakula nyasi. Peke yake hawezi kuvuta jembe.