Kiti Kilichokosa Mwenyewe

Kiti cha mzee wa laini yetu, aliyeisemea safu yetu ya nyumba, kimezikwa chini ya njia, karibu na mlango wa chumba tulichokuwa tukipanga, na mwenyewe alisimama pale akitazama udongo ukimwagwa juu yake. Mimi ndiye niliyekiweka pale, na sijawahi kujuta.

Nianze na shimo. Ardhi ya Nakuru ina tabia yake. Mvua kubwa ikiteremka kutoka Menengai, udongo wetu wa majivu huliwa chini kwa chini, na njia uliyopita jana ikafunguka leo. Aprili moja, katika miaka ya hali ya hatari ya mkoloni, ufa ulifunguka katikati ya laini yetu pale lokesheni, mtaa wa Waafrika, kati ya nyumba na bomba la maji. Tulimwaga majivu ya jikoni, takataka, mawe. Ukameza vyote.

Kuomba njia itengenezwe kulikuwa na ngazi zake. Unamwambia mzee wa laini. Yeye anapeleka neno kwenye baraza la ushauri. Baraza linamwambia Msimamizi wa lokesheni, ambaye alikuwa Mzungu. Msimamizi anawaambia Manispaa. Anayeruka ngazi ni mchochezi. Na wanawake wakikusanyika kulalamika, huo ni mkutano bila kibali.

Basi nikaanza na ngazi ya kwanza. Nilimkuta mzee wa laini nje ya nyumba yake, kwenye kiti chake cha mikono, cha mvule, kilichopakwa rangi ya kijani. Kiti hicho kilibebwa mpaka kila baraza. Sisi wengine tulikaa chini.

"Nimesikia, mama," akasema. "Nitafikisha."

Hakufikisha. Alikuwa amejisifu kwa Msimamizi kwamba laini yake ndiyo nzuri kuliko zote, na shimo lingemwaibisha.

Mume wangu alikuwa akiunganisha mabehewa katika yadi ya reli. Alfajiri moja, akitoka zamu kwenye mvua, aliingia katika ufa ule akavunjika mguu. Kazini wakatuma mtu kuuliza habari. Ikiwa njia ndiyo iliyomwangusha, angepewa kazi nyepesi ya kukaa langoni. Ikiwa ni pombe, afukuzwe. Mtu huyo hakutaka kuchafua viatu. Alimuuliza mzee wa laini alipomkuta ofisini kwa Msimamizi, na mfagiaji wa ofisi akayasikia majibu.

"Shimo? Laini yangu haina shimo. Yule alikuwa amelewa."

Mume wangu! Mpiga ngoma wa kanisa, ambaye hata busaa ya harusi ya kaka yake hakuionja.

Alipoletewa habari hizo alikuwa amelala, mguu umefungwa plasta. Kisha akasema, "Mahali pa hatari panawekwa kitambaa chekundu. Hata mtoto wa reli anajua."

Jumapili, mzee wa laini akiwa kanisani, nilikwenda kwake na jirani yangu mmoja. Tulikifunika kiti kwa shuka, nikajitwika kama mzigo wa nguo za kufua.

"Dada, tukishikwa?" jirani akanong'ona.

"Mkutano ndio unataka kibali. Kiti kinataka kibali gani?"

Tulikificha hadi usiku, tukakipachika ndani ya ufa, miguu chini, mikono ikiwa juu ya ardhi, nikafunga kitambaa changu chekundu cha kichwani kwenye mgongo wake.

Jumatatu ilikuwa siku ya Msimamizi kukagua. Mzee wa laini alimtangulia, akakata kona, akakiona. Sisi tulikuwa na ndoo zetu kwenye foleni ya bomba. Foleni si mkutano.

"Kiti cha nani hiki?" Msimamizi akauliza.

Kila mtu alimtazama mzee. Akikidai, itabidi aeleze kilivyofika kwenye shimo ambalo halipo.

"Sikijui, bwana."

"Na shimo?"

"Limefunguka leo, bwana."

"Hakina mwenyewe?" Msimamizi akatugeukia. Tukainamia ndoo zetu. "Basi kila kitu kifukiwe."

Kabla ya jioni vibarua wa Manispaa walikuwa wamekididimiza kiti na kumwaga changarawe na udongo. Mgongo wa kijani ndio uliozama mwisho.

Tangu hapo mzee wa laini alihudhuria baraza akiwa amesimama. Sikumwachia hata baraza moja. "Mzee, leo hukuja na kiti?" nilimuuliza mbele ya watu. "Au kimelewa njiani?" Wanawake waliuma kanga zao wasicheke.

Lakini neno lake kule kazini lilibaki, na mume wangu akafukuzwa. Baadaye mzee alikuja mlangoni kwetu, kofia mkononi.

"Mama, yaishe. Kiti kile nilitengenezewa na marehemu ndugu yangu. Niruhusu nichimbe."

"Nenda kwanza kazini kwao. Sema shimo lilikuwepo siku ile. Ukirudi, nitakushikia jembe mwenyewe."

Alimtazama mume wangu, akautazama ule mguu uliopona vibaya. Akavaa kofia.

Alihama akarudi kwao, upande wa magharibi, bila kwenda kusema. Mume wangu alichechemea mpaka nilipomzika, na wapo bado wanaoamini ilikuwa pombe. Njia ile sasa ina lami. Kila masika hubonyea mahali pale pale, Manispaa huja kujaza, na hakuna aliyewahi kuniuliza kilicho chini.