Kilo za Nyar Karungu

Jina lake ni Phelesia, lakini jikoni kwetu hakuna anayemwita hivyo. Alizaliwa Karungu, kule Migori ziwani, akaolewa huku Rangwe, na kwa Waluo mwanamke aliyeolewa hubeba jina la kwao. Nyar Karungu, binti wa Karungu. Mimi ni Bhoke, Mkuria wa upande wa Kehancha. Dholuo yangu ni ya kununulia nyanya tu, kwa hiyo sisi wawili tunaongea Kiswahili, na tumekiongea kwa miaka sita kando ya sufuria ambazo mtu mzima anaweza kuoga ndani yake. Sisi ni wapishi wa shule ya wasichana ya bweni. Tunaingia jikoni kabla jogoo hajaamka na kutoka saa tisa mchana, na vyumba vyetu vya kupanga vinagawana ukuta mmoja.

Muhula ulipofunguliwa, mhudumu wa afya alipita nyumba kwa nyumba na mkoba wake. Alimpima Nyar Karungu presha, akakunja uso. Vijiti vya kupimia sukari vilikuwa vimemwishia, akasema atavileta siku nyingine, na sisi tukasahau habari hiyo hapo hapo.

"Mama, punguza mwili," alimwambia. "Huu uzito utakuua."

Ingekuwa ni mimi nimeambiwa, ningecheka. Nyar Karungu hakucheka. Mama yake mzazi alianguka juu ya karai la vyombo akiwa na miaka arobaini na minne, akafa vyombo vikiwa bado na povu. Nyar Karungu, siku hiyo ya kupimwa presha, alikuwa na arobaini na mbili. Jioni hiyo alikaa kwenye kochi langu akiwa ameshika shingo, anasikiliza damu yake ikipiga.

"Bhoke, mimi nimebakisha miaka miwili," akasema.

Video nilimpa mimi. Ilikuwa ya dakika ishirini, ya msichana mmoja mwenye suruali ya kijani iliyombana, anayeruka na kupiga kelele kama kondakta. Tukamwita Kijani. Kila siku saa kumi jioni tulisukuma makochi ya Nyar Karungu ukutani, tukaegemeza simu kwenye mkebe wa sukari juu ya stuli, tukafunga vifua kwa leso ili mambo yasituruke usoni, tukaanza. Ruka, tanua miguu, piga makofi juu ya kichwa. Magoti juu. Chini, juu, ngumi mbele. Dakika ya tano nilikuwa naomba msamaha kwa dhambi zote nilizokumbuka. Dakika ya kumi nilikuwa nalala sakafuni na kujifanya natafuta kiatu.

Nyar Karungu hakulala. Hofu ya karai ilikuwa inamsukuma. Kijani akisema kunywa maji, anakunywa. Akisema utachoka, mwili utauma, ni dalili kwamba mafuta yanayeyuka, Nyar Karungu anaitikia kwa kichwa kama yuko kanisani.

Ijumaa stoo ya shule ikifunguliwa, tulipanda kwenye mizani ya kupimia magunia ya mahindi. Siku ya kwanza yeye alikuwa na kilo tisini na moja, mimi themanini na tatu. Wiki ya nne akawa themanini na saba. Wiki ya saba, themanini na moja. Jikoni tukampigia vigelegele, mpishi mkuu akampa nyama ya sahani mbili, naye akala zote na kuomba mchuzi.

Na mimi? Themanini na tatu. Wiki moja themanini na mbili, nikafurahi, kumbe nilikuwa nimevua viatu.

Niseme ukweli kwa sababu bila ukweli huu hadithi haina maana: nilimwonea wivu. Tuliruka video moja, siku zile zile. Tulikula ugali wa sufuria moja, na yeye alikula zaidi. Kilo zake zilikuwa zinakimbia, zangu zimekaa tu kama wapangaji wasiotaka kuhama. Nilishuku anaruka asubuhi bila mimi. Nilishuku pia anakula pipi kwa siri, maana akihema karibu yangu pumzi yake ilinuka utamu. Sikujiuliza anayekula pipi anakondaje. Mtu mwenye wivu hajiulizi mengi.

Wiki ya tisa mizani ilisoma sabini na saba. Tulikuwa tunakata mboga za sukuma, yeye ametoka kwenda choo kwa mara ya tatu, na mwenzetu mmoja akasema, "Nyar Karungu amekuwa msichana tena."

Nikasema, "Mwingine anaruka, mwingine anakonda. Muulizeni Macalder."

Macalder ndiko mume wake Zablon anakochimba dhahabu. Anakaa huko mwezi mzima, anarudi siku nne, anaondoka. Watu wa migodini wanasemwa mengi, na huku kwetu tumezika watu wengi waliokonda kabla dawa hazijafika. Dawa zipo siku hizi, watu wanazimeza na kulea wajukuu, lakini hofu ile haikuondoka. Mtu akikonda, macho yanamfuata. Visu vilisimama kwenye sukuma. Nilijua kwamba hilo neno halitalala jikoni.

Siku tatu baadaye alikuja mlangoni kwangu. Nilidhani amekuja kunitukana, nikatayarisha maneno yangu. Hakutukana. Midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka pembeni.

"Bhoke. Wanasema umetaja Macalder. Kuna kitu unajua?"

"Kitu gani?"

"Kuhusu Zablon. Kama unajua, niambie tu. Sitakasirika."

Ningeweza kusema pale pale: sijui lolote, ni wivu. Ulimi ukawa mzito. Nikasema, "Aa, ilikuwa mchezo tu," kwa sauti ya mtu anayeficha jambo, na nikaona uso wake ukianguka. Aliamini kwamba ninajua.

"Basi nitaacha video," akasema. "Wiki mbili. Nikiacha kuruka na kilo zikisimama, ni Kijani. Zikiendelea kushuka..."

Zile wiki mbili sitazisahau. Makochi yalirudi mahali pake. Alikula ugali, akala viazi, akala mandazi ya chai, akalala mchana. Mimi usiku nilisikia mlango wake ukifunguliwa, anaenda choo, anarudi, jagi linagonga kikombe, mlango tena. Nililala nimekodoa macho nikihesabu. Nilimwomba Mungu ambaye nilikuwa nimemsumbua kwa mambo madogo maisha yangu yote, safari hii nikamwomba kilo.

Ijumaa ya kwanza, sabini na tano. Ijumaa ya pili hakutaka kupanda mwenyewe, nikamshika mkono. Sabini na mbili. Mtunza stoo aliigonga mizani kwa kidole akidhani imekwama. Haikuwa imekwama.

Kesho yake tulishuka Homa Bay mjini. Alinunua kipimo cha mate kwenye duka la dawa, kile cha kujipima virusi nyumbani, akakificha chini ya dagaa wa omena kwenye kikapu. Zablon alikuwa hajaambiwa chochote.

Tulifunga mlango. Alipitisha kijiti kwenye ufizi, juu na chini, nami nimemshikia kiwiko. Tukakitia kwenye kichupa. Karatasi ilisema tungoje dakika ishirini, tukaegemeza simu kwenye mkebe wa sukari ili tuone saa. Nilizijua dakika ishirini za chumba kile, lakini hizi zilikuwa nyingine. Alikunywa maji mara nne. Dakika ya kumi na mbili akasema, "Ikiwa ni mistari miwili, nitameza dawa. Watu wanaishi. Lakini wewe usiniache peke yangu jikoni." Nikasema sitamwacha.

Mstari ulikuwa mmoja. Tukasoma karatasi tena. Mmoja. Tukageuza kijiti, tukakipeleka dirishani kwenye mwanga. Mmoja.

Yawa, tulilia! Tulikumbatiana tukazunguka hadi stuli ikaanguka na sukari ikamwagika. Nyar Karungu alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa Dholuo, akaniomba radhi, eti alinishuku bure kwamba namficha jambo. Akaniomba radhi mimi! Kisha akafuta machozi, akachukua jagi akalimaliza bila kupumzika, akafunga leso kifuani.

"Weka Kijani," akasema. "Leo naruka kwa furaha."

Nikaweka. Hilo nalo nililifanya kwa mikono yangu.

Dakika ya sita, kwenye magoti juu, alisimama. Nilidhani amechoka. Aliniangalia kama ananitafuta mbali, akasema, "Bhoke, mbona umezima taa?" Ilikuwa saa kumi jioni na jua limejaa chumbani. Halafu akashuka. Hakuanguka kwa kishindo, alishuka polepole akajikunja karibu na sukari iliyomwagika. Alianza kuhema, pumzi ndefu, za haraka, kama bado anaruka. Nilipoinama, mdomo wake ulinuka mapera yaliyoiva kupita kiasi. Kwenye simu Kijani alikuwa anapiga kelele, usiache, usiache, umebakisha kidogo!

Nilipiga mayowe ambayo walisikia hadi kwa mwenye nyumba. Ndiye aliyetupeleka kwa gari lake la kubebea maziwa. Nilikaa nyuma kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, nikimpiga mashavu, nikimwita kwa jina ambalo sikuwa nimewahi kulitumia: Phelesia, Phelesia.

Hospitalini daktari aliyetupokea alikuwa Mkisii aitwaye Nyakundi, mtu mfupi asiyepoteza maneno. Alimchoma kidole, akaweka damu kwenye kimashine. Kimashine kilikataa kutoa namba. Kiliandika tu kwamba sukari imepita kipimo chake. Akaita dripu, akaita insulini, watu wakakimbia.

Kisha akanigeukia. "Amekuwa akinywa maji sana?"

"Ndiyo. Video inasema tunywe maji."

"Anakojoa mara kwa mara?"

"Anakunywa maji mengi, daktari."

"Anachoka?"

"Tunaruka kila siku."

"Amekonda?"

Hapo nikaelewa. Kila kitu ambacho ugonjwa wa sukari ulikuwa unamfanyia, Kijani alikuwa ametuahidi. Tulipiga vigelegele Ijumaa baada ya Ijumaa, na mwanamke anateketea mbele yetu.

"Na wewe ulikuwa unaruka pamoja naye?" Nyakundi akauliza.

"Ndiyo."

"Wewe ulipungua ngapi?"

"Hata moja."

Aliniangalia kidogo, akaandika, akaenda kwa mgonjwa. Hakusema kitu kibaya. Nilibaki kwenye benchi na hizo kilo zangu themanini na tatu. Zilikuwa zimeniambia ukweli kwa majuma kumi na moja, na mimi nilikuwa nazitukana.

Alilala siku mbili bila kutujua. Zablon alifika siku ya pili, viatu vya mpira bado vina matope mekundu ya shimoni, akasimama miguuni pa kitanda ameshika kofia. Mwanaume yule hakula, hakukaa. Aliniuliza mara moja tu, "Shemeji, kwa nini hakuna mtu alinipigia simu mapema?" Nikatazama sakafu. Kwa sababu nilikuwa nimemchafulia jina, ndiyo sababu.

Siku ya tatu Nyar Karungu alifungua macho. Zablon alipotoka kununua uji, nilimwinamia sikioni, maana nilihofu nikingoja nitapata tena ulimi mzito.

"Sikujua kitu chochote kuhusu Zablon. Nilisema kwa wivu. Wivu wa kilo."

Machozi yalimtoka upande mmoja, yakaingia kwenye mto.

"Wiki mbili nimelala nikimchukia," akasema. "Akipiga simu nakata."

"Najua."

"Hizo kilo zako, bado uko nazo?"

"Zote."

"Zishike sana," akasema, akafumba macho. Sikujua kama nimesamehewa. Sijui hata sasa.

Ni miezi mitano tangu siku ile. Anajidunga sindano tumboni mara mbili kwa siku, na insulini anaiweka ndani ya chungu kikavu kilichosimamishwa kwenye beseni la maji ili isipate joto. Nyakundi alisema mazoezi asiache, ila apime damu kwanza, na aanze taratibu. Kwa hiyo makochi yamerudi ukutani. Simu tunaiegemeza kwenye mkebe ule ule, ila ndani siku hizi kuna maharagwe. Ijumaa tunapanda mizani, na sasa wapishi wanapiga vigelegele ikipanda. Wiki iliyopita ilisoma sabini na sita. Nami nimepimwa sukari, baada ya kuwakimbia wauguzi na kidole changu mara mbili.

Watu wanasema ameshapona, jambo limekwisha. Labda kwao. Kijani anapiga kelele, tunaruka, tunapiga makofi juu ya kichwa, Nyar Karungu ananicheka ninavyohema. Halafu dakika ya kumi anasimama, ananyoosha mkono kwenye jagi. Hapo mimi naacha kuruka. Nasimama na leso yangu kifuani, nahesabu mafunda yanavyoshuka kooni mwake. Moja. Mbili. Tatu.

"Bhoke, ni kiu tu," huniambia.

Nami sirudi kuruka mpaka aweke jagi chini.